Kadi Niliyoficha Sakoshini

— Laurence, kuna kadi moja inakosekana.

Habineza alisema hivyo bila kutoa macho kwenye mashine. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 28 Septemba 2006, na maktaba yetu ya Kamembe ilikuwa imejaa watu waliokuja kufundishwa kompyuta.

— Inakosekana namna gani?

— Sanduku lenu lilikuwa na kadi mia sita na arobaini za wasomaji. Mzee Straton mwenyewe alizihesabu kabla hatujaanza. Kwenye mashine nimeingiza mia sita thelathini na tisa.

— Hesabu tena.

— Nimehesabu mara tatu.

Nikasema labda Mzee Straton alikosea. Mzee Straton ni mkurugenzi wetu, na alikuwa amekaa palepale dirishani. Aliniangalia juu ya miwani yake, akarudi kwenye gazeti. Yule mzee hakosei kuhesabu, na mimi nilijua hakukosea, kwa sababu kadi yenyewe ilikuwa ndani ya sakoshi yangu, mkoba wangu wa kazini, chini ya kiti, imefungwa kwenye kitambaa cha mkono.

Juu yake paliandikwa: Muderhwa Bashige, mwalimu, Bukavu.

Ngojeni niwaeleze, msije mkaniita mwizi. Muderhwa alikuwa mchumba wangu. Kila Jumamosi alivuka mpaka wa nchi zetu mbili, kwa daraja la Rusizi, kutoka Bukavu, anarudisha kitabu, anaazima kingine, halafu anakaa mbele ya meza yangu mpaka nafunga mlango. Familia zilikuwa zimeshaonana. Mwezi wa tano 2004 akaazima kitabu cha ufugaji wa nyuki, akanicheka kwamba tukioana tutakula asali hadi meno yatoke. Mwezi wa sita vita vikaingia Bukavu, mpaka ukafungwa, na simu yake haikupita tena.

Nilingoja. Mpaka ulipofunguliwa nikaendelea kungoja. Halafu siku moja ukaingia ujumbe wa Maman Antoinette, mfanyabiashara wa Bukavu, jirani yake Muderhwa, ambaye miaka yote ndiye alikuwa anatubebea salamu:

"Mudogo yangu Laurence, Muderhwa alihamia Kindu. Ameoa kule. Usimungojee tena."

Nililia. Nikamtukana peke yangu jikoni, matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Lakini kadi yake nikaiacha sandukuni. Kwetu, msomaji akiwa na kitabu nje, kadi yake tunaisimamisha ichomoze juu ya zingine, na kitabu kikirudi tunailaza. Kwa hiyo miaka miwili na miezi kadhaa, kila asubuhi nikivuta lile sanduku, kadi ya Muderhwa ilikuwa imesimama inaniangalia. Nilijiambia kwamba yeye ni msomaji aliyechelewa tu. Wasomaji wanachelewa, ni kawaida.

Sasa mashine ikaja. Kwenye mashine kila msomaji anaulizwa hali yake, na majibu ni mawili: anaendelea, au amefutwa. Nilimuuliza Habineza kama hakuna la tatu, akasema hapana, mashine haina katikati. Ndipo nikaitia kadi sakoshini.

Habineza mwenyewe sina neno baya la kumsemea. Alikuwa fundi wa kompyuta wa kiwanda cha simenti kule Muganza, tukamwazima kwa wiki mbili atufundishe sisi na wasomaji wetu. Mvumilivu kupita kiasi. Mama Mukagatare, mkulima wa Rwimbogo anayesoma vitabu vya magonjwa ya mbuzi, alikataa kuondoka kwa sababu hakuona muhuri. Habineza akamwonyesha jina lake kwenye kioo, akamsomea herufi moja moja, mama akasema jina ameliona, ila muhuri uko wapi. Ikabidi Habineza achukue karatasi, aandike namba yake, nami niupige muhuri wetu wa zamani. Tangu siku hiyo kila msomaji alitaka karatasi yenye muhuri, na Habineza hakununa hata mara moja.

Siku ya tano aliniomba nikubali anioe. Hakuzunguka. Alisema ana miaka thelathini na sita, ana nyumba Muganza, amechoka kula peke yake, na amenipenda. Nilimwambia anipe siku chache. Alhamisi hiyo, saa ile ya kadi, akanitumia ujumbe wakati tumekaa meza moja:

"Jumamosi saa 6 mchana tunafunga sanduku la zamani. Nangoja jibu lako saa hiyohiyo. Sitauliza mara ya pili. H."

Niliusoma, nikamwangalia. Yeye alikuwa anamfundisha mzee mmoja kubonyeza kitufe. Moyo wangu ulikuwa unasema, Laurence, una miaka thelathini na moja, kuwa na akili. Nikaamua kwamba Jumamosi nitaitoa kadi, nitamfuta Muderhwa kwa mkono wangu, na nitasema ndiyo.

Ila kabla ya Jumamosi kulikuwa na Ijumaa, na Ijumaa Mzee Straton aliharibu kila kitu.

Kulikuwa na wasomaji sitini na watatu wenye vitabu vyetu ambao hawakuwa wamefika kujiandikisha upya. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya majina, kutoka kwenye kadi zilizosimama. Mzee Straton akasema atatunga tangazo na kulipeleka redioni. Jamani, kosa letu lilikuwa kumwachia. Huyu mzee ana mwandiko mzuri, na kwa miaka ishirini mtaa mzima ukifiwa unamwendea yeye atunge tangazo la kifo. Mkono wake haujui kuandika namna nyingine. Akaanza kama alivyozoea: "Tunasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo." Habari ya vitabu akaiweka mstari mmoja. Kisha majina sitini na matatu. Kisha: "Wanaosikia wawaambie wasiosikia. Laurence Mukabalisa, maktaba ya Kamembe."

Redioni wakaona "tunasikitika", wakaona orodha, wakaona muhuri, wakaliweka palepale wanapoweka yote ya namna hiyo. Saa kumi na mbili jioni likasomwa kwenye matangazo ya vifo, na ule muziki wa polepole chini yake. Waliofungua redio katikati walisikia majina tu.

Simu yangu ililia saa kumi na mbili na robo. Mama yangu, kutoka Rwimbogo. Sauti yake ilikuwa imekatika.

— Laurence?

— Ndiyo, Maman.

— Ni weye unaongea?

— Ni mimi. Nani amekufa?

— Ni weye.

Nilichukua nusu saa kumshawishi kwamba sikufa. Hata hivyo alitaka nimtajie jina la mbuzi wetu wa zamani ndipo akate simu.

Jumamosi asubuhi nilikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Wasomaji sitini na watatu ambao barua mbili hazikuwaleta, tangazo la kifo liliwaleta. Wa kwanza alikuwa Gasana, dereva wa lori la simenti. Aliweka kitambulisho mezani akasema amekuja kuonyesha kama bado anapumua, na mke wake amekaa nje kama shahidi. Wengine walikasirika, wengine walicheka hadi machozi. Mzee Straton alijifungia ofisini na gazeti lake. Habineza akatoa mabenchi yote nje, akagawa namba, na mimi nikawa naita mmoja mmoja kutoka mlangoni.

Ilikuwa inakaribia saa tano nilipotoka kuita namba kumi na nane.

— Anayefuata.

Mtu aliyekuwa mwisho wa benchi hakuwa na namba. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono kwenye magoti, kidumu cha kasiksi katikati ya miguu, ile pombe ya ndizi wanayopeleka Bukavu penye kilio. Pembeni yake kulikuwa na kitabu kilichofunikwa na karatasi ya kaki. Gasana alikuwa anapiga hadithi karibu naye na watu wanacheka, na yeye alikuwa anawaangalia kwa huzuni, haelewi ni kilio cha namna gani hiki.

— Anayefuata, nikasema tena, ila sauti ilitoka kidogo.

Akainua kichwa. Alikuwa amekonda. Alisimama na kile kitabu mkononi, akapiga kidumu kwa mguu, pombe ikaanza kumwagika kwenye viatu vya Gasana, na hakuna aliyeinama kukisimamisha.

— Laurence.

— Unaona nani?

— Nilisikia jina yako kwa redio. Jana. Banasoma bantu balikufa.

— Ulikuja kunizika?

— Nilikuja kwa kilio. Niliona bantu kwa mabenchi, nikajua ndo hapa. Nikakaa.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nilitazama kitabu mkononi mwake, na hasira ya miaka miwili ikapata pa kutokea.

— Mwalimu, hicho kitabu kilitakiwa kurudi baada ya siku kumi na tano.

— Najua.

— Siku kumi na tano, Muderhwa. Vita viliisha. Mpaka ulifunguliwa. Wauza samaki walivuka, wauza nyanya walivuka, kila mtu alivuka ila wewe. Kindu hawana barabara ya kurudi?

— Kindu gani?

— Kule ulikooa.

Akaniangalia kama mtu aliyesikia jambo la mwendawazimu.

— Miye sijafika Kindu hata siku moja. Na siko na bibi. Ni weye uliolewa. Na muntu wa simenti, kule Muganza.

Nyuma yangu, mlangoni, nilisikia Habineza amesimama. Sikugeuka.

— Nani alikuambia?

Kabla hajajibu, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya mabenchi, akashuka mwanamke mnene amejifunga vitenge viwili, anaongea kabla miguu haijagusa chini. Anatoka Ruhwa, anasema, mpaka wa Burundi, alikuwa kwa biashara yake ya wiki nzima. Wamempigia simu kwamba huko Bukavu batoto yake bamenyolewa vichwa, banalia, dada yake amekwisha kugawa sufuria. Nani ameandika jina lake? Mkurugenzi wa hapa yuko wapi?

Ni Maman Antoinette. Miaka miwili hakuwa amekanyaga pale. Alikuwa na kitabu chetu cha kushona.

Muderhwa alimwona akashika kifua.

— Maman Antoinette, na weye uko muzima? Nilisikia jina yako karibu na ya Laurence. Nilijua uko njia ya Ruhwa. Nikasema gari imeanguka Bugarama, mumekufa pamoja.

Antoinette alimwangalia Muderhwa, akaniangalia mimi. Akageuka polepole kuelekea gari lake.

— Maman Antoinette, nikasema, usiende. Wewe ni namba kumi na tisa.

Akasimama. Nilitoa simu yangu, ile ileile ya mwaka 2004, nikatafuta ujumbe wake ambao sikuwahi kuufuta, nikampa Muderhwa. Aliusoma mara mbili. Akamwelekezea Antoinette simu.

— Ulimuandikia hii?

— Muderhwa, mutoto yangu.

— Na siku ileile ukaniambia ameolewa. Ukaniambia uliona harusi na macho yako. Ukaniambia na rangi ya kanzu.

Antoinette alikaa kwenye benchi, pale pale alipokuwa amekaa Muderhwa. Watu wakamsogelea, hata Gasana.

— Mama yako alinipigia magoti, alisema. Ile siku balichoma nyumba kwa jirani, kwa sababu mutoto yake aliolewa ngambo hii. Walikuwa wanapita na majina ya bote walio na bantu yao ngambo hii. Mama yako akaniambia, Antoinette, huyu akisikia mupaka imefunguliwa atavuka, na akivuka watamuona, na wakimuona nitazika. Umuambie neno moja ya kumukata roho. Na musichana pia, asimutafute. Nikasema ni ya mwezi moja. Vita ikitulia nitasema kweli.

— Vita ilitulia, nikasema.

— Ilitulia. Na mimi kinywa ikabaki imefungwa. Unafikiri juu ya nini sikurudisha kitabu? Kila wiki ninapita hapa, ninaona mulango, ninajiambia, Laurence nitamuangalia na macho gani?

Alikuwa analia kweli, si kilio cha sokoni. Nilimkasirikia sana na nilimwonea huruma, yote kwa pamoja. Nikageuka, nikamwona Habineza kizingitini, kalamu sikioni, na ukutani nyuma yake saa yetu inaonyesha saa tano kamili.

— Maman Antoinette, nikamwambia, huyu ndiye mtu wa simenti wa Muganza. Saa sita nilikuwa nimkubalie. Uongo wako ulikuwa umebakiza saa moja uwe kweli.

Muderhwa alimwangalia Habineza, kisha akaniuliza taratibu kama aondoke.

— Wewe nijibu kwanza. Tuseme ulijua nimeolewa. Ungekuja kurudisha kitabu tu. Mtu hakatazwi kurudisha kitabu.

— Nilikuja mara moja, hadi kwa daraja. Nikarudia njiani. Kitabu ndo kitu moja tu ya kwako niliyobaki nayo. Simu walininyanganya, namba yako ikaenda nayo. Nikirudisha na kitabu, nitabaki na nini?

— Na leo?

— Leo ulikuwa umekufa. Muntu akikufa, hata kama aliolewa na mwingine, unaenda kumulilia. Hakuna wa kukuuliza juu ya nini umekuja.

Machozi yalinitoka hapo, nami sikuyazuia. Akaendelea, kama mwalimu anayetaka kumaliza somo lake:

— Na Mama alijaribu kunikataza. Jana tulipokuwa tunasikiliza, alisema, pengine ni liste ya bale hawakurudisha vitabu, maana amesikia neno kitabu. Nikamwambia hapana. Kama ingekuwa ile, jina yangu ingekuwa ya kwanza. Nilingoja wasome yangu. Hawakusoma. Ndo nikajua ni kifo kabisa.

Niliingia ndani, nikapita mbele ya Habineza, nikavuta sakoshi chini ya kiti, nikafungua kitambaa, nikarudi na kadi.

— Hawakusoma kwa sababu sikukuandika, nikamwambia. Kila kadi iliyosimama niliiandika. Yako niliificha. Sikutaka kukufuta. Ningekuandika, ungesikia jina lako, ungecheka, ungebaki kwako Bukavu.

Alichukua kadi, akaishika kwa mikono miwili. Halafu alinikumbatia mbele ya wasomaji wote wa Kamembe, na Mama Mukagatare, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale siku hiyo, akapiga vigelegele.

Ni Habineza aliyetukatiza.

— Nipe hiyo kadi, alisema.

Tukamfuata ndani. Alikaa kwenye mashine, akaandika jina, akaandika kazi, akaandika mji. Vidole vyake vilikuwa vinaenda polepole kuliko kawaida. Kisha akaacha kuandika, akaniangalia mimi, si Muderhwa.

— Hali ya msomaji. Anaendelea au amefutwa?

Nilielewa kwamba ananiuliza mara ya pili, ingawa aliahidi hataniuliza.

— Anaendelea, nikasema.

Akabonyeza. Tulingoja, maana ile mashine ilikuwa na uvivu wake. Kisha namba ikatokea chini ya kioo.

— Mia sita na arobaini, alisema Habineza. Zimetimia.

Alimpa Muderhwa karatasi, akamwambia muhuri utapigwa na Laurence. Aliwahudumia wasomaji wote waliobaki, mpaka na Antoinette, kisha saa sita na nusu akavaa koti lake akapanda lori la Gasana kurudi Muganza. Walipofika mteremko wa Bugarama ujumbe wake ukaingia:

"Jibu nimelipata. Usinieleze. Mfundishe Mzee Straton kuzima mashine vizuri, asing'oe waya. H."

Mwaka uliofuata alioa, na mimi na Muderhwa tulikwenda harusini. Lakini yetu ilitangulia, mwezi wa kwanza 2007. Mama mkwe wangu alivuka daraja kuja kwetu wiki mbili kabla, akakaa mbele ya mama yangu, akasema kosa lake lote bila kupunguza. Mama yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba na yeye alinililia jioni moja nikiwa mzima, kwa hiyo anajua woga wa mzazi. Antoinette tulimpa adhabu ya kuvusha wageni wote wa Bukavu na kuhakikisha hakuna aliyerudishwa mpakani. Aliifanya kwa kelele zake zote, na nilifurahi kusikia kelele hizo.

Mzee Straton aliomba kitu kimoja tu, atunge tangazo la harusi la redio. Nilimwambia sawa, ila neno la kwanza naandika mimi. Nikaandika "Tunafurahi", nikamrudishia kalamu.

Lilisomwa Ijumaa jioni, safari hii kwenye matangazo ya harusi. Saa kumi na mbili na robo simu ikalia. Mama, kutoka Rwimbogo.

— Laurence, nimesikia jina yako kwa redio. Uko muzima?

— Niko mzima, Maman, nikamwambia. Niko mzima kabisa.